Nyundo ya Ekskaveta: Kandamiza Kwanza, Ndipo Upige

Opereta asiyeizoea nyundo ya haidroliki utamjua kwa sikio, hata ukiwa nje ya uzio wa saiti. Nyundo ikipiga jiwe sawasawa hutoa mlio mkavu uliokaza. Ikipiga hewani, unasikia chuma kikigonga chuma, na nguvu iliyokusudiwa kupasua mwamba inaishia kwenye pini za tindo, boliti na mkono wa mashine.

Kwa hiyo weka kwanza ncha ya tindo juu ya jiwe, isimame nyuzi 90 na uso wa jiwe, kisha kandamiza kwa mkono wa mashine mpaka mbele ya ekskaveta inyanyuke kidogo tu. Ukizidisha, jiwe likiachia ghafla mashine nzima itabwagika nawe umo ndani. Mbele ikishanyanyuka kidogo, ndipo unapokanyaga pedali. Jiwe likipasuka, ondoa mguu papo hapo.

Na lisipopasuka? Usiling'ang'anie. Miongozo ya watengenezaji wengi inaweka kikomo kati ya sekunde 15 na 30 mahali pamoja. Ukizidi hapo unasaga unga tu: unga unameza pigo, ncha inapata moto, inapoteza ugumu wake na kuchanua kama uyoga. Hamisha tindo. Anzia ukingoni, ambako kipande kina pa kuangukia, ndipo uingie ndani. Kwenye matale ya Mwanza tafuta ufa na upige karibu nao. Kwenye mawe ya matumbawe ya pwani, tindo huzama na kunasa. Ichomoe wima, usiitikise. Tindo si mtaimbo wa kubinulia mawe, na nyundo haikutengenezwa kufungiwa mnyororo wa kunyanyulia mizigo.

Grisi ndiyo inayopuuzwa kuliko yote, na nyundo nyingi hufa kwa sababu hiyo. Tumia grisi maalumu ya tindo, yenye shaba au grafiti, kwa sababu ile ya kawaida huyeyuka na kutiririka. Kabla ya kupampu, zima injini huku tindo ikiwa imekandamizwa chini, imeingia ndani kabisa. Ikining'inia, grisi hujaa kati yake na pistoni, na pigo la kwanza linaweza kupasua sili. Rudia takriban kila saa mbili. Ukiona shina la tindo lina michirizi mikavu inayong'aa, umekwisha kuchelewa.

Hosi ikivuja, usipapase kwa mkono. Pitisha kipande cha boksi. Mafuta yatokayo kwenye tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi hata glavu ikiwepo. Aliyepenywa aende hospitali saa hiyohiyo, ijapokuwa haumii, kwani kidonda hicho huhitaji upasuaji wa haraka.

Vumbi la zege na la mwamba lina silika, nayo huharibu mapafu moja kwa moja. Mwaga maji kila mara, vaa barakoa ya vumbi na vizibo vya masikio, funga kioo cha kabini chenye kinga, na yeyote aliye nje akae mbali na vipande vinavyoruka. Ukimwona anasogea, simamisha nyundo.

Pigo likidhoofika ilhali mafuta na presha viko sawa, huenda gesi iliyo ndani ya nyundo imepungua. Mwachie fundi mwenye vifaa vya kuijaza, naye ajaze naitrojeni peke yake. Oksijeni ikikutana na mafuta hulipuka.