Floraidi, Meno ya Watoto na Magadi ya Jikoni

Mganga wa meno afikapo shuleni kuwapaka watoto dawa yenye floraidi, si wazazi wote wanaoridhia. Wengine wana meno ya kahawia wao wenyewe, na wanajua kuwa madini hayo ndiyo yaliyowatia alama. Huuliza: kwa nini mtoto apakwe kitu kile kile? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika tofauti ya kupaka na kumeza.

Floraidi iliyo juu ya jino huimarisha gamba lake lisiliwe na tindikali itokanayo na sukari. Iliyomezwa huingia katika damu upesi; sehemu hutolewa na figo, sehemu hukaa mifupani, na mtoto hubakiza zaidi kuliko mtu mzima. Meno yanayojengwa ndani ya ufizi, hasa kabla ya miaka 8, ndiyo yanayoharibika. Dawa ya kupaka ina nguvu nyingi, lakini hutumika kidogo sana, hugandamana na jino, na hupakwa mara chache kwa mwaka.

Hesabu yenyewe ni nyepesi kuliko ya ghala la kahawa. Dawa ya meno ya kawaida, yenye sehemu 1,000 za floraidi kwa milioni, ikipimwa kiasi cha punje ya njegere huwa na robo miligramu hivi. Katika utafiti uliotolewa mwaka 1998, maji ya Rundugai, tambarare ya Hai, yalikuwa na miligramu 4 hivi kwa lita. Lita moja ya maji hayo ni sawa na kumeza njegere 16. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita.

La kushangaza lilikuwa Kibosho. Maji ya huko juu yalikuwa karibu hayana floraidi, lakini meno ya watoto yaliharibika kama ya Rundugai. Watafiti walitaja mwinuko wa nchi, na pia magadi, ambayo floraidi yake hutofautiana sana fungu kwa fungu. Mama anayelainisha maharage ya kiburu kwa magadi hana njia ya kujua ametia kiasi gani chunguni.

Kwa hiyo chakula cha mtoto mdogo kipikwe bila magadi. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva vizuri, ijapokuwa kuni huongezeka kidogo. Dawa ya meno iwe punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka 3, njegere kwa wa miaka 3 hadi 6, naye afundishwe kutema. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Chama chenye kisima cha tambarare kipeleke maji yake yapimwe kabla ya kuwauzia wanachama.