Injini Mpya kwa Land Rover ya Baba

SWALI: Marehemu baba ameniachia Land Rover Series III ya mwaka 1975, ya petroli. Injini imekufa. Niweke ipi ya kisasa bila kuliharibu gari?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Mimi ningeweka 200Tdi, dizeli yenye turbo iliyotoka mwaka 1989. Ni ya ukoo mmoja na injini yako, hivyo hukaa kwenye giaboksi ya zamani kwa marekebisho machache.

Ila usinunue kitu kabla ya kulala chini ya gari na kuigonga chesisi kwa nyundo. Bodi ni ya alumini; chesisi ni ya chuma, na huoza kuanzia ndani. Ikitoa sauti ya bati bovu, pesa zote zianzie hapo.

Halafu breki. Gari lililozoea nguvu farasi 70 hivi litapata zaidi ya 100, kwa hiyo dramu zote zifumuliwe. Difu zake za uwiano wa 4.7 zitaichosha injini mpya barabara kuu; za 3.54 huipumzisha.

Namba mpya ya injini iingizwe kwenye kadi ya gari, huko TRA (Mamlaka ya Mapato). Na injini ya baba usiiuze chuma chakavu. Ipake mafuta, uihifadhi.