MAJI TAKA YA NYUMBANI: TUYAFANYEJE?

Kila muhula unapofunguliwa neno linalotutia tumbo joto ni "karo". Lakini ukifungua kamusi utakuta karo lingine: sinki, au shimo la kumwagia maji machafu. Hilo halimfukuzi mtu shuleni, na pengine ndiyo sababu hatulijali. Leo nataka tulijadili hilo la pili.

Kwanza tuelewe maana. Maji taka ni maji yaliyokwisha kutumika, na ya nyumbani yako ya aina mbili. Aina ya kwanza ni maji ya kuogea, kufulia na kuoshea vyombo. Hayo yana sabuni, jongo la nguo na mafuta kidogo. Aina ya pili ni maji ya chooni, pamoja na yaliyofulia nepi za mtoto. Haya huweza kubeba viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Mahali pake ni chooni, basi. Ukichanganya aina hizi mbili umeharibu yote. Ya kwanza peke yake ndiyo tunayoweza kuyapa kazi ya pili.

Je, ni mengi kiasi gani? Kwetu Kitui tuko watu sita. Likizo ya Agosti nilihesabu kila karai lililomwagwa kwa siku saba, nikapata wastani wa lita 80 kwa siku. Hiyo ni mitungi minne ya lita 20, na kila mtungi una uzito wa kilo 20. Maji hayo huchotwa katika shimo lililochimbwa mchangani mtoni, yakaja mgongoni mwa punda, au mgongoni mwa mama punda akiugua. Hebu niambieni, kuyatumia mara moja na kuyamwaga njiani si kumwaga jasho la mama?

Haya basi, tufanyeje? Nyumbani tunafuata hatua hizi:

1. Kwangua sufuria na sahani kabla ya kuosha. Mabaki wape kuku au yatie kwenye mboji. Mafuta mengi huziba matundu ya udongo, maji yakashindwa kupenya.

2. Chuja. Sisi tumetoboa kitako cha ndoo kuukuu, tukatia kokoto chini, mchanga katikati na nyasi kavu juu. Nyasi zikichafuka huenda kwenye mboji, tukaweka nyingine.

3. Mwagilia penye mizizi. Chimba shimo la futi mbili kwenda chini, ulijaze majani makavu, kisha upande migomba au mipapai pembezoni. Usiyamwage juu ya majani ya mmea, wala kwenye vyakula viliwavyo vibichi kama vile dania, karoti na nyanya.

4. Usiyalaze. Yakikaa zaidi ya siku moja, vijidudu humaliza hewa iliyomo, yakaanza kunuka. Yakituama siku nyingi, mbu wa aina ya Culex huzaliana humo, na hao ndio miongoni mwa wanaoeneza matende huko Pwani.

5. Badilisha mti. Sabuni nyingi za kipande zina sodiamu, ambayo ikirundikana huufanya udongo kuwa mgumu. Leo mpe huyu, kesho yule. Maji yenye dawa ya kung'arishia nguo usiipe mimea kabisa. Yamwage katika shimo lililojazwa mawe, umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani.

Najua kuna atakayesema, "Sisi tunakaa ploti mjini, shamba tutoe wapi?" Swali ni zuri. Mahali anapokaa shangazi yangu, maji ya kila mlango yalikuwa yakiteremka hadi kizingiti cha mpangaji wa mwisho, mama mwenye mtoto anayetambaa. Kila jioni ni kelele: "Haya maji ni ya nani?" Hakuna aliyejibu, maanake yalikuwa ya kila mtu!

Mwishowe wapangaji walikaa kitako wakaanzisha magunia ya sukumawiki. Gunia hujazwa udongo na samadi, na katikati hupangwa nguzo ya mawe madogo toka chini hadi juu. Miche hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni. Maji humwagwa kwenye mawe, yakashuka taratibu hadi mizizini, na mboga hupikwa vizuri kabla ya kuliwa. Siku za kufua maji bado huzidi, siwezi kuwadanganya, lakini mtoto yule sasa anacheza mlangoni pakavu.

Tukumbuke pia kwamba maji hayapotei. Tunayoyatelekeza mtaroni huishia mtoni na ziwani, na uchafu wake ukarutubisha magugu kama gugu maji lililotapakaa Ziwa Victoria miaka ya 1990. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi. Kifungu cha 69 nacho kinamtwika kila mtu wajibu wa kushirikiana kuyalinda mazingira. Haki na wajibu ni mapacha.

Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa utajenga ukuta. Anza na karai moja leo jioni.

ZOEZI
(a) Kwa nini maji ya nepi hayafai kumwagiliwa mimea?
(b) Pima maji yanayomwagwa kwenu kwa siku moja. Ni mitungi mingapi?
(c) Tunga sentensi mbili kuonyesha maana mbili za neno "karo".