Kitanda, Meza, Kiti na Taa

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Wafalme 4:1–13, 8:1–6, Luka 12:13–21, 17:31, 32, Kutoka 20:8–11, 1 Timotheo 6:6–8.

Fungu la kukariri: Luka 12:15.

Katika vilima vya Mwanza nyumba nyingi zimejengwa katikati ya miamba. Bugando, Igogo, Mabatini: mara nyingi gari huishia chini, na kuanzia hapo njia ni ya mawe. Godoro, kabati, jokofu, vyote vilipandishwa kwa kichwa au bega la mtu. Wakazi wa huko wanajua kwamba kitu huendelea kuwa kizito hata baada ya kulipiwa.

Juma hili tunaingia katika nyumba mbili zilizomo katika sura moja ya Biblia. Ya kwanza ina mdai mlangoni. Ya pili ina chumba cha mgeni.

JUMAPILI: Mdai Mlangoni

Soma 2 Wafalme 4:1–7. Mjane huyu alikuwa na nini nyumbani? Mdai alitaka kuchukua nini?

Biblia haisemi deni lile lilitokana na nini, wala haimlaumu mjane. Nasi tusiharakishe kuwalaumu wenye madeni. Ada ya shule na matibabu vimewaingiza wengi humo. Lakini yako madeni ya namna nyingine. Mikopo ambayo watu wameiita “kausha damu” hutolewa upesi, marejesho yake hudaiwa kila siku au kila juma, na dhamana yake mara nyingi ni vitu vya ndani: televisheni, makochi, mtungi wa gesi. Fikiria mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, aliyekopa ili naye awe na makochi kama ya jirani. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, dagaa hawakauki, wanaoza. Siku ya marejesho haiahirishwi. Makochi yanashushwa kilimani mbele ya majirani walewale ambao yalinunuliwa ili wayaone. Jioni mume anauliza, maana hakuwahi kuambiwa juu ya mkopo. Ndoa kadhaa zimefikia hapo.

Angalia utaratibu aliouweka Elisha katika fungu la 7: deni lilipwe kwanza, kisha familia iishi kwa kilichosalia. Linganisha na Mithali 22:7.

JUMATATU: Vitu Vinne

Soma 2 Wafalme 4:8–10. Mwanamke wa Shunemu aliweka vitu gani katika chumba cha Elisha?

Mwanamke huyu alikuwa na mali. Angeweza kukijaza chumba kile ili mgeni ajue yuko kwa nani. Aliweka kitanda, meza, kiti na taa, basi. Kila kimoja kina kazi kwa ajili ya yule atakayelala humo. Tena alianza kwa kumkaribisha chakula; chumba kilikuja baadaye.

Sasa tazama sebule zetu. Liko kabati la vioo lenye vyombo vilivyotoka kwenye kitchen party, vimetunzwa kwa ajili ya wageni. Mgeni anafika, ufunguo hauonekani, naye anapewa sahani ya plastiki. Hilo linachekesha, lakini liko lisilochekesha. Hospitali ya Rufaa ya Bugando inapokea wagonjwa kutoka Ukerewe, Sengerema, Geita na kwingineko kandokando ya ziwa. Wengi hutegemea kulala kwa ndugu walioko mjini wakisubiri siku ya kuonwa na daktari. Ndugu anapiga simu, na jibu ni kwamba hakuna nafasi. Chumba cha pili kipo. Kimejaa redio mbovu, masanduku, viti vilivyovunjika na viroba vya nguo ambazo hakuna anayezivaa.

Tafakari: Ni kitu gani nyumbani mwako kimekalia nafasi ya mtu?

JUMANNE: Jibu la Mwanamke

Soma 2 Wafalme 4:13 na 1 Timotheo 6:6–8.

Elisha alikuwa tayari kumwombea neno kwa mfalme. Akajibu kwamba anakaa kati ya watu wake. Alikuwa na majirani, na hilo lilimtosha. Fundisho hili lisipelekwe kwa anayelala kwenye jamvi kwa kukosa godoro. Huyo anahitaji godoro, na huenda liko stoo kwa mshiriki mwenzake.

JUMATANO: “Ondoka”

Soma 2 Wafalme 8:1–6. Aliambiwa afanye nini, na aliacha nini nyuma?

Njaa ya miaka 7 ilikuwa inakuja. Mwanamke yuleyule aliondoka pamoja na nyumba yake, akaacha makao na shamba. Aliporudi ilimbidi amlilie mfalme ili arudishiwe. Kumbe utii ulimgharimu, naye aliweza kuulipia.

Mwezi Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hata kupita kiwango cha mwaka 1964, na wakazi wa kandokando walilazimika kuhama. Katika kuhama kwa namna hiyo kila mtu hupima kwa mikono yake mwenyewe ni nini anachoweza kubeba. Soma Luka 17:31, 32. Yesu anamtaja mtu aliye darini, na vyombo vyake vimo ndani. Anamkataza nini? Kwa nini hapohapo anamtaja mke wa Lutu?

ALHAMISI: Kabla ya Jua Kutua

Soma Kutoka 20:8–11.

Katika soko la Mlango Mmoja shati la mtumba hununuliwa kwa bei ndogo, kwa hiyo hata wenye kipato kidogo hurundika. Lakini kila nguo hufuliwa na kila sanamu ya kabatini hupanguswa vumbi. Na nani? Siku ya Maandalio jua linazama ziwani, baba na watoto wameshaketi kwa ajili ya kufungua Sabato, na binti wa kazi bado yuko uani na beseni. Amri ya nne inamtaja na yeye.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Katika Huduma ya Uponyaji (1905), Ellen White anashauri nyumba iwe na vyombo vya kawaida, vinavyostahimili kutumiwa, rahisi kusafishwa, na ambavyo vikiharibika vinaweza kupatikana tena bila gharama kubwa.

Maswali ya kujadiliana:

1. Tajiri wa Luka 12 alibomoa ghala ili ajenge kubwa zaidi. Je, angeweza kufanya nini kingine na mavuno yale?

2. Kama mwenzako darasani anadaiwa mkopo ambao mwenzi wake haujui, darasa limsaidieje bila kumwaibisha?

3. Dorkasi wakipita nyumbani kwako Jumapili hii, utawapa kitu kizima au kile ulichokuwa ukitafuta pa kukitupa?