Sheria, Adili na Hakimu

Mvuvi wa Longech akimnyima kitoweo jirani mwenye njaa, watu watamlaumu, lakini hapana askari atakayemkamata. Akiiba nyavu za jirani huyo, aweza kupelekwa mbele ya hakimu huko Lodwar. Kosa la kwanza ni la adili tu. La pili ni la adili na la sheria pia. Je, hakimu naye aongozwe na lipi? Yampasa kuhukumu kwa sheria, na adili imlinde yeye mwenyewe asiiuze hukumu yake.

Kisa kimoja kinachohusu nchi ya Turkana chatufundisha jambo hili. Tarehe 3 Desemba 1952, Jomo Kenyatta na wenzake 5 walianza kuhukumiwa Kapenguria kwa shtaka la kuongoza Mau Mau. Kwa sura ya nje sheria ilifuatwa: mawakili walikuwapo, na mashahidi, na jaji Ransley Thacker, aliyekuwa amekwisha kustaafu. Tarehe 8 Aprili 1953 Kenyatta alipewa miaka 7 ya kifungo na kazi ngumu, akapelekwa Lokitaung. Baadaye, mwaka 1959, alihamishiwa Lodwar.

Lakini mwaka 1958 shahidi mkuu, Rawson Macharia, aliapa kwamba alikuwa amehongwa ili aseme uongo. Akashtakiwa kuwa kiapo hicho kipya ndicho cha uongo, akafungwa. Tena wanahistoria wameandika kwamba Thacker alipewa pauni 20,000 na serikali, nayo serikali ndiyo iliyokuwa mshtaki.

Angalieni basi: taratibu zote za sheria zaweza kutimizwa na haki isionekane. Hata kama hukumu ya namna hiyo ingekuwa ya kweli, nani angeiamini, iwapo mwamuzi amelipwa na upande mmoja?

Kwa sababu hiyo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 160, yaagiza kwamba mahakama itii Katiba na sheria peke yake, wala isiamrishwe na mtu ye yote. Kifungu cha 168 charuhusu jaji avunjaye kanuni za maadili aondolewe kazini.

Lakini raia naye ana wajibu wake. Mwenye kesi, awe Longech au Kakuma, asimpelekee hakimu mbuzi wala samaki. Ashindaye leo kwa zawadi, kesho atashindwa na mwenye zawadi kubwa zaidi.