SOMO LA 9: NDAMA ANYWE DANG'A MAPEMA

Ng'ombe wako amebeba mimba kwa muda wa miezi tisa na siku kama kumi. Umemchunga, umempa maji, umemwogesha dawa ya kupe. Lakini ndama anaweza kufa siku chache tu baada ya kuzaliwa. Hapo kazi yako yote imepotea.

Karagwe na Kyerwa ni nchi ya ng'ombe. Ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu ni mali na heshima hapa tangu enzi za wafalme wa Karagwe. Labda una ng'ombe mmoja kando ya kibanja chako. Labda wewe ni mchungaji katika ranchi kubwa kama ile ya Kitengule. Kumtunza ndama ni kazi ile ile.

Wakati wa kuzaa

Ng'ombe akikaribia kuzaa, kiwele hujaa na misuli karibu na mkia hulegea. Mtenge mahali pakavu na safi, karibu na nyumba. Tandika majani makavu.

Ndama aliyekaa vizuri hutanguliza miguu miwili ya mbele, na pua juu yake. Usimvute kwa haraka. Lakini kama chupa imepasuka na mama anasukuma kwa saa nzima bila mafanikio, mwite bwana mifugo.

Ndama akitoka, ondoa ute puani na mdomoni. Mwache mama amrambe. Kisha chovya kitovu chote katika dawa ya iodini, kwa sababu vijidudu huingia kwa njia hiyo.

Kondo la nyuma usilivute. Likipita siku moja bila kutoka, mwite bwana mifugo. Usilishike kwa mikono mitupu. Ugonjwa wa kutupa mimba huambukiza watu pia.

Dang'a ni kinga

Tumfikirie mfugaji mmoja wa Nkwenda. Ng'ombe wake alizaa usiku, mvua ikinyesha. Mfugaji alimwona ndama amesimama, akarudi kulala. Asubuhi alikamua maziwa ya kwanza, akayapeleka nyumbani. Ndama alipata kidogo sana. Siku ya nne aliharisha. Siku ya sita alikufa. Mfugaji akasema, "Nimerogwa."

Hakurogwa. Ndama alikosa dang'a.

Mtoto wa binadamu hupata kinga fulani akiwa bado tumboni mwa mama yake. Ndama hapati. Huzaliwa bila kinga katika damu yake. Kinga yake imo ndani ya dang'a, yaani yale maziwa mazito ya manjano ya mwanzo.

Utumbo wa ndama ni kama mlango. Akizaliwa, mlango uko wazi, na kinga hupita kuingia katika damu. Kila saa inayopita, mlango huzidi kufungwa. Baada ya siku moja umefungwa. Hata akinywa ndoo nzima, amechelewa.

Kwa hiyo ndama anywe mapema, kabla ya saa sita kupita. Akizaliwa saa moja asubuhi, awe ameshiba kabla ya saa saba mchana. Mwone akinyonya kwa macho yako mwenyewe. Kusimama si kunyonya.

Kama ni dhaifu, mkamue mama katika chombo safi. Mnyweshe ndama kwa chupa, polepole, kama lita moja na nusu hadi mbili. Usimwinue kichwa juu sana, maziwa yasije yakaingia mapafuni. Mpe tena baada ya saa chache. Kama mama amekufa, tafuta dang'a kwa jirani ambaye ng'ombe wake amezaa karibuni.

Jihadhari na kupe

Mvua za vuli na za masika huleta majani mazuri. Huleta tope na kupe pia. Kupe huleta ndigana kali, ugonjwa unaoua ndama wengi. Mkague ndama masikioni kila siku. Ukiona tezi limevimba chini ya sikio, ana homa na anapumua kwa shida, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo. Siku hizi iko chanjo ya ndigana kali. Mwulize juu yake kabla ndama hajaugua.

Ndugu msomaji, dang'a hainunuliwi dukani. Mama wa ndama anayo. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba ndama ameipata mapema.

Maneno ya kukumbuka

dang'a – kinga – kitovu – kiwele – ndigana kali

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini ndama wa mfugaji wa Nkwenda alikufa?
2. Ndama akizaliwa saa nne usiku, awe ameshiba dang'a kabla ya saa ngapi?
3. Kwa nini tusishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu?
4. Katika kijiji chenu, dang'a hutumiwaje? Je, ndama hushiba kwanza?