SOMO: NYUMBA YA KAZI SI NYUMBA YAKO



Wazee wengi wa Arua na Koboko walikwenda Kakira na Lugazi kukata miwa. Walilala kwenye laini za kampuni. Kazi ikiisha, na chumba kimeisha. Leo tulisome jambo hili kwa mfano wa Muthurwa, mjini Nairobi.

Muthurwa ni mtaa wa reli. Wakati wa ukoloni, kabla ya vita vya 1939, wakubwa wa reli walijenga pale safu za vyumba kwa wafanyakazi Waafrika. Familia chumba kimoja; choo na bomba ni vya wote. Je, ilikuwa huruma? Hapana. Mtu anayelala karibu na karakana huitwa upesi, na akigoma hana pa kulala.

Miaka ikapita. Ardhi ile ikakabidhiwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, ilete fedha za kulipa wastaafu. Mwaka 2010 wapangaji wakapewa notisi ya siku 90. Walieleza mahakamani kwamba kabla siku hizo hazijaisha, maji yalikatwa na ubomoaji ukaanza.

Hawakukimbia. Walishitaki pamoja. Agosti 2013 Mahakama Kuu ilisema haki yao ya makazi, iliyo katika kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya, imevunjwa. Ikaamuru pande zote zikutane zipange utaratibu wa kuhama. Angalieni vizuri: mahakama haikuwapa nyumba. Ilisema mtu hatolewi kama takataka.

Tena tazameni: mstaafu anadai pensheni, mpangaji anadai paa. Wote ni wafanyakazi. Wakigombana, anayefaidi ni nani?

Hukumu ile haifungi mahakama za Uganda. Lakini somo ni letu. Neno la meneja halitoshi, maana meneja huhamishwa. Mkataba wa chama na mwajiri uandike: kazi ikiisha, mtu apewe muda gani wa kuhama? Akifa, mjane na watoto wakae hadi lini? Choo kikiharibika, nani anatengeneza?

Maswali ya tawi:
1. Nyumba unayolala ni ya nani, na karatasi yake iko wapi?
2. Mkataba wetu unasema nini juu ya nyumba?
3. Ukistaafu mwaka huu, utalala wapi?

Lijadilini swali la tatu kwanza.